Mikorosho ya Bibi Haiendi Chuo

Nasra, anayesikia la mkuu huuza shamba. Leo nimeshuhudia.

Mjomba Raimundo katuita mimi, mama na bibi kwake Magomeni, hii ya hapa Mtwara, eti kunipongeza kwa kupata chuo. Pilau, soda, majirani wote. Akasimama akatangaza kwamba naenda kile chuo binafsi cha Dar, chenye ada ya kutisha. Na anajua nilishathibitisha nafasi yangu chuo kikuu cha serikali.

Halafu akamtambulisha mgeni aliyekuwa anakula kimya pembeni. Mnunuzi wa shamba la bibi, lile la mikorosho kule Mpapura, ili ada ipatikane.

Mnunuzi, Nasra. Kwenye pongezi zangu, na kapakuliwa nyama nyingi kuliko mimi.

Nikauliza, "Mjomba, hicho chuo kina nini?"

"Kina watoto wa wakubwa. Kina bwawa la kuogelea."

"Nimezaliwa Mtwara, mjomba. Kuogelea nimejifunza bure."

Wakacheka wote, mnunuzi naye. Bwawa la kuogelea jamani.

Mjomba akafura. "Kwetu Wamakonde mjomba akishasema, mpwa ananyamaza."

"Basi sema na bibi. Mikorosho kaipanda yeye."

Bibi hata tonge hakuweka chini. "Mimi siuzi."

Mnunuzi kaondoka na pilau lake kwenye mfuko.

Sasa mama anataka kesho nikampigie mjomba magoti. Nitakwenda, na shikamoo yake ataipata. Msamaha siombi.