Mkono Uliokataa Kupooza

Nyumbani kwa kaka yako,
Nyuma ya zahanati.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na lile goti lako linalouma kwa kuinua wagonjwa, limepoa au bado linakunyima usingizi? Usiniambie limepona kama halijapona, nakujua. Sisi huku wazima. Kaka yako kikohozi kimemwacha, ubishi ndio haujamwacha. Mimi presha ilipanda sana, sasa imetulia, na sababu unaijua.

Juzi nilikupigia vigelegele tu mpaka simu ikakatika. Ulisikia neno viza, sidhani kama ulisikia lingine. Leo nimekaa mezani, nimefukuza kuku, nakuandikia taratibu. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Mwanao, huyu binti yetu, amepata viza ya kazi! Ya kazi, wifi, siyo ya kutembea. Imebandikwa ndani ya pasipoti pamoja na picha yake, kanuna kama baba yake. Niliishika kwa mikono yenye povu la sabuni nikagombezwa nyumba nzima.

Si unamkumbuka yule dalali tunayemwita Bwana Uhakika? Hakuchoka. Anakuja, anakaa kwenye kile kiti kizuri, anasema mtoto aje huko kwenu kwa viza ya utalii, akishaingia tu kazi za kuhudumia wazee ziko nje nje. Mwanao akamuuliza, "Na nikifika nitajificha mpaka lini?"

"Binti, uhakika upo!"

"Basi tangulia wewe, mjomba. Mimi nitakuja kukutembelea."

Kaka yako alicheka mpaka akajichoma sindano ya cherehani.

Ile ya masomo nayo tuliitazama. Ada ingetukaba koo, na ulituambia kwamba huko kwenu mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi saa nyingi. Ikabaki ile njia yako ndefu: apate kwanza mwajiri mwenye ruhusa ya kuajiri wageni, mkataba uwe mkononi, ndipo aombe viza. Nilikununia kidogo, wifi, sikufichi. Maana kila nyumba ya wazee aliyoiandikia ilikaa kimya, na mtoto akaanza kukonda huku cheti chake cha uhudumu kimelala kabatini. Mwisho akajibu mmoja tu, mama msimamizi wa nyumba moja, akasema anataka kumwona akifanya kazi, kwa video. Akishindwa hapo, hatukuwa na mwingine.

Mgonjwa nikawa mimi. Nilipewa na ugonjwa kabisa: nimepooza upande wa kushoto. Nikavaa gauni langu la kutokea na hereni zile ulizonitumia. Mtoto akanivua hereni. "Mama, unaumwa, huendi harusini." Kaka yako akafunika cherehani, akarudisha wateja, kisha akajifanya anazibua mfereji chini ya dirisha, mfereji ambao haujawahi kuziba.

Yule mama akatokea kwenye kompyuta ya kuazima. Lugha yao siijui hata salamu, lakini adabu ninayo, nikampungia mkono. Wa kushoto.

Hilo lilipita. Mtoto akainama anigeuze. Wifi, mgongo wa mwanangu mwembamba, na mimi mwili wangu unaujua. Nikaona huyu atavunjika mbele ya mgeni. Nikashika ukingo wa kitanda kwa huo huo mkono wa kushoto, nikajivuta, nikageuka mwenyewe puu!

"Mama, huo mkono haufanyi kazi."

"Haufanyi kazi vipi? Si nimefulia nao asubuhi!"

Dirishani nikamsikia kaka yako anasema, "Ameshaharibu." Nikasema moyoni, kwisha habari yetu, nimemfungia mtoto mlango kwa mikono yangu.

Lakini mwanao hakunitolea macho. Alinirudisha chali polepole, akanifunika miguu, akasogeza uso karibu. "Naona unataka kunisaidia. Asante. Basi huu wa kushoto tuulaze hapa kifuani, upumzike, unisaidie na wa kulia. Nikisema tayari, tugeuke wote." Akasema, tukageuka. Sikusikia hata uzito wangu.

Yule mama akainua kidole, akasema maneno marefu. Nikajua tumekataliwa, maana mtoto alikuwa anaitikia huku machozi yanamtoka. Kumbe, mtoto alinieleza baadaye, yule mama alikuwa anamwambia kwamba wagonjwa wake wengi ndivyo walivyo, wanaona haya kubebwa, wanajivutavuta, na wahudumu wengine wanawakaripia. Huyu hakukaripia, aliniachia kile ninachokiweza. Halafu akamwambia, "Mama yako ni mgonjwa mgumu, na umemweza." Mkataba ukaja, viza ikafuata.

Sasa nikipita dukani watu wananisimamisha. Bwana Uhakika naye alinipa hongera, akaniomba nimwelekeze mpwa wake hiyo njia ndefu. Nilimwelekeza, lakini nilikaa kwanza kwenye kiti kizuri.

Furaha yote hii, bado naamka nawaza. Baridi. Wazee watakaomwita majina mabaya. Na huyu mtoto akiumia hasemi, ananyamaza anaosha vyombo. Ukimwona anaosha vyombo visafi, muulize. Msomee tena ule mkataba, na pasipoti akae nayo mwenyewe, asimpe bosi wala rafiki, kama ulivyotufundisha.

Msalimie sana shemeji, na wale mapacha wako, na yule bibi unayemhudumia anayekataa dawa mpaka umwimbie. Kaka yako anakusalimu. Kakushonea koti, anasema usimwambie mikono ni mirefu. Mungu akulinde kazini na barabarani, alitie nguvu goti lako, na akuzidishie kama ulivyotuzidishia.

Barua hii sikuitia posta, nimempa aje nayo mwenyewe. Nilimwambia asiitoe mpaka umkumbatie, lakini naijua haraka yake, na najua macho yako yakiona karatasi. Umesoma mpaka huku chini na mtoto wa watu bado kasimama mlangoni na sanduku lake. Iweke chini, wifi. Mtazame. Amefika, na ameingia kwa mlango wa mbele.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Mama yake huyo aliyesimama hapo.