Giaboksi ya Pili ya Baba Mkwe

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi maana nimebanwa kila upande. Mimi nabeba saruji kwa lori langu, na baba mkwe wangu ni fundi mitambo mstaafu asiyejua kukaa bure, basi mwaka jana akanifungia giaboksi ya pili nyuma ya ile ya kwanza, yenye mkono wake pembeni ya kiti, ili barabara ikinyooka injini izunguke polepole, na kweli safari ya lita arobaini za dizeli sasa naimaliza kwa thelathini na tatu, mzee anatembea kifua mbele mtaa mzima. Sasa hendibreki yangu ni mbovu siku nyingi, nimezoea kuegesha na gia tu, mwezi uliopita nikaegesha mlimani, giaboksi kubwa nikaiacha kwenye gia lakini ile ya pili nikaisahau fri, haijashika chochote, lori likashuka lenyewe likabomoa ukuta wa duka, mwenye duka alikuwa ametoka dakika ileile. Nikasema hendibreki imekatika, mzee akanipa pole, na Jumamosi anamfungia shemeji yangu giaboksi kama hiyo, naye huegesha kama mimi kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha udereva. Mke wangu nimemwambia tu kwamba giaboksi ya pili ina hatari, naye anasema nikimvunjia baba yake heshima nisirudi nyumbani. Nifanyeje?

Dereva wa Saruji

Dereva, pole kwa ukuta. Pole nyingine sina.

Mtambo wa mzee haujakosea kitu, dizeli umekupunguzia. Aliyeuacha fri ni wewe, na anayeendesha bila hendibreki ni wewe. Unajificha nyuma ya heshima ya mkweo, na mwenyewe hana habari! Mkeo naye anamtetea baba yake kwa sababu umempa nusu ya habari. Mpe iliyobaki leo.

Kisha nenda kwa mzee kabla hajashika spana. Usizunguke. Sema, "Baba, niliiacha ya pili fri, halafu nikadanganya." Atakufokea, kaa ufokewe. Akishamaliza atatafuta namna ya kuuzuia ule mkono usikae katikati, kwenye fri, maana hiyo ndiyo kazi yake na umemnyima mwezi mzima. Hendibreki itengenezwe wiki hii, na kila lori libebe magogo mawili ya kuzuia magurudumu.

Mzee atanuna wiki mbili tatu, mtapatana. Ukinyamaza, lori la shemeji likashuka na safari hii mwenye duka akawepo, mzee ataamini mpaka anakufa kwamba mikono yake ndiyo iliyoua. Na wewe utakuwa umekaa naye msibani, unamfariji.