Nyumbani kwa Mzee Makokha

Nakuru, wakati wa mvua ndefu

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, na kifua kimepoa tangu uliponitumia ile dawa chungu. Mguu wako unaendeleaje? Na Baba, bado anagombana na jirani juu ya mbuzi?

Asubuhi ukungu hupanda kutoka ziwani hadi kwenye dirisha la ofisi, nami husahau kazi nikiwawaza ninyi. Wiki iliyopita ofisi ilijaa. Si unajua mimi ni mkalimani wa chama cha wazungu wenye mashamba? Serikali imewauliza kama wataikubali sheria ya pensheni, yaani tajiri mwenye shamba atenge kitu kila mwezi ili mfanyakazi akizeeka asiondoke mikono mitupu. Wengi walikataa. Walisema Mwafrika ana shamba kwao na watoto wa kumlisha, pensheni ya nini? Mwenyekiti akataka aletwe mfanyakazi mzee aulizwe mwenyewe. Akiwa hana pa kwenda, chama kitaiunga mkono sheria.

Wakamleta Mzee Makokha, anayekamua ng'ombe kule Subukia. Ni mtu wa kwetu, Mama, lakini alizaliwa hukohuko shambani. Baba yake alitoka huko kwetu Butere akiwa kijana, hakurudi tena. Mkewe alishafariki, na hawakujaliwa watoto. Nilijua yote hayo, nikatulia kabisa, nikiamini jibu lake litaiokoa sheria.

Mwenyekiti akamwuliza kwa Kiswahili chake cha shambani, "Mzee, wewe iko na nyumbani?"

Unamjua mtu mzima wa kwetu akiulizwa hivyo mbele ya watu. Kusema hana kwao ni kujivua nguo. Akasimama wima, akajibu kwa lugha yetu kwamba anapo. Akaeleza mto, migomba inayoteremka hadi majini, moshi wa jioni, na ndugu wanaomngojea. Alieleza polepole, macho ameyafumba nusu, nami nikatafsiri kama niliye usingizini, maana alipaeleza vizuri kuliko mimi niliyezaliwa huko. Hata wazungu waliweka kalamu chini. Kisha wakaandika kwamba wazee wana makwao, na maoni yao yakapelekwa Nairobi kuipinga sheria.

Tulipotoka nikamwuliza kwa nini alisema anapo.

"Ezekieli," akasema, "ulitaka niseme mimi ni mtu wa wapi?"

Niliumia, Mama. Tajiri wake naye amefurahi sana, amemwambia mavuno yakiisha apumzike, aende kwake.

Kwa hiyo nina ombi. Mweleze Baba, akiwa ameshakula. Kile kipande cha shamba alichonipimia nijenge, akate kidogo, panapotosha nyumba ya mtu mmoja. Nikija likizo ya Krismasi nitapanda treni pamoja na Mzee Makokha. Tafadhali watu wasimchunguze mambo ya ukoo.

Msalimie Shangazi Roda wa kwaya, na dada yangu Rebeka, Mungu amsaidie ajifungue salama. Mwalimu anayekusomea barua hii naye namsalimu, na apunguze sauti majirani wasisikie.

Mzee atakuwa na aibu mlangoni, nakujua hutamwacha asimame. Usimwambie karibu mgeni. Mwambie tu, "Umerudi."

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Ezekieli