Ndizi za Kipepeo

Kiirua, Jumanne

Sasa kanisa zima litasema napika pombe.

Vipepeo wa msitu huu hawajali maua, wanafuata vitu vilivyochacha. Kwa hiyo nilitundika sufuria ya ndizi zilizooza, nikazimwagia bia, kwenye mti ulio nyuma ya shamba. Namtafuta kipepeo wa aina moja, mweusi mwenye mikia kwenye mabawa. Shida ni kwamba weusi wako wengi. Bila kuona mistari myeupe iliyo upande wa chini wa mabawa huwezi kumtambua.

Mama Kendi, jirani, alinusa. Akamwita mchungaji, ambaye alipanda mlima na koti lake, jasho likimtoka.

"Mzee wa kanisa, hii ni nini?"

Kabla sijajibu, kipepeo aliziacha ndizi, akatua shingoni mwa mchungaji, akafunga mabawa, akaanza kunywa jasho. Mistari myeupe! Ndiye!

"Mchungaji, tafadhali usitikisike."

Alidhani nataka kutubu. Akafumba macho, akainamisha kichwa. Ikabidi niombe. Niliomba polepole, macho wazi, mpaka nikauona kila mstari.

Amesema hajawahi kusikia toba kama hiyo. Jumapili nitatoa ushuhuda jinsi nilivyoacha pombe.

Sijawahi hata kuionja.