Saa ya Nafula Imenyamaza

Mulembe mama,

Natumai goti lako halikusumbui sana na hii baridi ya asubuhi. Mimi niko salama huku Doha, bado nalinda lango lile lile, na jua linatuchoma vilivyo. Yangu tuyaache hapo. Nimekupigia tangu asubuhi na simu yako imezimwa, nikajua mko kwenye maombi. Kwa hivyo namwandikia shemeji Simiyu kwa simu yake, atoke kwake huko Kwanza na gari ya jirani aje akusomee. Akianza kusoma, usimkatize hata kama ni katikati ya wimbo.

Nimesikiliza ujumbe wa sauti uliotuma jana. Unasema mmefunga na kuomba wiki nzima kwa ajili ya dada Nafula, ameweka dawa kando ili asionekane ana imani nusu, na sasa ile saa ya kifuani imenyamaza. Jumapili atasimama kutoa ushuhuda. Najua ule mlio ulikuaibisha, watoto wakigeuka kumtazama kanisani wakati wa maombi ya kimya. Hata mimi nilimtania kwamba Simiyu hana haja ya kununua saa ya ukutani. Lakini niliposikia umenyamaza, nikaanza kukupigia simu.

Mama, mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari kabla sijasafiri. Alituambia yale maumivu ya koo ya utotoni, tuliyokuwa tunayatibu kwa maji ya chumvi, ndiyo yaliyoacha makovu ndani ya moyo. Moyo una milango midogo, damu ikipita mlango unajifunga nyuma yake. Mmoja wa Nafula ulikuwa umekakamaa, ndiyo maana ndoo moja ya maji ilimfanya aheme. Wakampasua, wakaweka wa chuma, wao wanauita vali. Ule mlio ni mlango huo ukijifunga. Damu hupenda kuganda kwenye chuma, na kidonge cha kila jioni ndicho kinachoizuia.

Nafula akamuuliza kwa mzaha kama kuna siku atalala bila kelele. Daktari hakucheka.

"Siku utaacha kuisikia," akamwambia, "usifurahi. Kuja hapa saa hiyo hiyo."

Kwenye ujumbe wako namsikia Nafula akinisalimia nyuma yako, na hamalizi sentensi bila kuvuta pumzi. Unasema siku hizi anakesha kwenye kiti kwa sababu Roho amemjaza. Mama, analala amekaa kwa sababu akilala chini anakosa hewa. Naogopa sana.

Sikukatazi kuomba. Ombeni mkiwa ndani ya gari. Mpelekeni sasa hivi hospitali ya misheni hapo Lugulu, na mtu wa kwanza mtakayemkuta mwambieni ana vali ya chuma, ameacha dawa na mlio umepotea. Wao watajua pa kumpeleka. Msimpe vidonge alivyoruka vyote kwa pamoja, ngojeni waseme wao.

Nisalimie baba mdogo na ng'ombe wake. Msalimie pia shangazi wa kwaya, ambaye atakasirika ushuhuda ukikosekana. Mwambie ni mimi nimeuharibu.

Mkifika, nipigie. Usiseme kitu, mama. Weka tu simu kwenye kifua cha Nafula, nisikilize.

Mwanao,
Barasa