Spika za Watu Wote, Resiva Moja

Owuor,

Nimeianza barua hii mara kadhaa, na kila nikifika pa kukuuliza hali nakwama. Basi sikuulizi. Mimi ni Mwende wako yule yule wa ukumbi wa video wa Kambi Muru, Kibera, mzima wa mwili, lakini uso sina. Uso niliuacha Kawangware siku tulipokuaga.

Labda huko mliko mnasikia habari zetu. Resiva ya kuendesha spika za ukumbi wangu iliungua mikononi mwangu. Ile uliyonichagulia wewe, ukaizungukia mji mzima, ukakataa nyingine mbele ya wauzaji mpaka wakakuita mjeuri. Iliungua mama yako akiwa ameshika maiki. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ikakataa, ikaniacha hapo nimeshika waya mbele ya watu wote.

Nitakueleza tangu mwanzo, maana hukupenda kuambiwa jambo kutoka katikati.

Homa ilipokuchukua, mafundi wa redio wa barabara yenu walifanya kama wanavyofanya mwenzao akifa. Hawakuja na maua, kila mmoja alikuja na spika yake. Wewe mwenyewe nilikuona mwaka juzi ukibeba wufa, ile spika ya besi, mgongoni kuipeleka kwenye matanga ya fundi mwenzenu, na ulirudi umepinda kama mzee. Spika ya fundi ndiyo rambirambi yake. Inaunganishwa, ilie pamoja na za wenzake. Ilikuwa Jumapili mchana, kwenye uwanja ulio mbele ya kibanda chako Kawangware, na kesho yake ungesafirishwa kwenda nyumbani Siaya. Mimi nikaileta resiva kutoka Kibera pamoja na spika zake, kwa sababu mama yako alikuwa ameomba kitu kimoja tu. Alisema kwa miaka mingi anaambiwa mwanawe anatengeneza sauti Nairobi, na hajawahi kuisikia hiyo sauti. Alitaka aisikie kabla hajakuzika.

Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, Owuor. Kumsikilizisha mama yako kazi yako.

Spika zikaja. Za gari, za kanisa, za baa, moja ilikuwa imefungwa ndani ya kabati la vyombo. Wewe ungezigeuza zote usome nyuma. Ungesema hii ni ya ohm nne, hii ya nane, hii ina kelele kuliko dada zake, irudishwe kwa mwenyewe. Nilikuwa nakuonea haya ukifanya hivyo mbele za watu. Siku uliponitengenezea ukumbi nilitaka wufa kubwa, za kutingisha mabati, ili wateja wa jirani wasikie wahame. Ukaniambia, "Resiva kwanza, Mwende. Tuiulize inabeba nini, halafu tuitafutie spika zake." Nikanuna wiki nzima. Ukaja na mbili za mbele za kiasi tu, na ile ya katikati ukaitengeneza kwa koni za aina ile ile, ili mtu kwenye filamu akitoka kushoto kwenda kulia asibadilishe koo njiani. Mbili ndogo ukazitundika nyuma. Kisha ukanikalisha kwenye kila benchi, unauliza, "Hapa je? Na hapa?" Siku ya kwanza mvua iliponyesha kwenye filamu, mzee mmoja wa benchi la nyuma aliinua macho kuangalia mabati kama yanavuja. Ulicheka mpaka ukatoka nje. Mimi nilikuwa bado nimenuna, lakini nilijua umenishinda.

Kwa hiyo usiseme sikujua. Ulinifundisha kwa punda. Resiva ni punda, ukasema, na kila spika unayoifunga kando ya nyingine ni mkokoteni mwingine. Punda hatakuambia amechoka. Atavuta tu, stima itapita nyingi kuliko anayoiweza, mpaka aanguke. Haya yote nilikuwa nayajua kama jina langu.

Lakini kila fundi alikuja kwangu macho mekundu, ananinyooshea ncha za waya, anasema, "Mwende, hii ni ya Owuor." Ningemwambia nini? Kwamba kilio chake hakilingani na resiva? Wewe ungeweza. Mimi nikaifunga ya kwanza. Nilipoifunga hiyo, ya pili ningeikataaje? Nikafunga zote, juu ya matundu mawili ya nyuma ya resiva, mpaka waya zikawa kama nyuzi za kiondo kisichokwisha. Nilijiambia nitaiweka sauti chini.

Mama yako akasimama. Tulikuwa tumechomeka maiki kwenye deki ya kanda, na deki kwenye resiva. Akaita jina lako mara moja. Watu wakasema haisikiki, ongeza. Nikaongeza. Akaita mara ya pili, sauti ikakatika katikati ya jina, na moshi ukatoka juu ya resiva mbele ya jeneza lako.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinitania kwamba sisi Wakamba hatuhitaji fundi, tunafunga hirizi tu na redio inalia? Siku hiyo hakuna aliyekuwa akitania. Nilisikia wazee wa kwenu nyuma yangu. Mmoja akauliza kwa Kiswahili, makusudi nielewe, "Huyu Mkamba alikuwa anamfanyia nini mtoto wetu?" Mwingine akasema hata ugonjwa wenyewe ulikuja haraka sana. Mafundi, wenye spika zao, waliangalia viatu vyao. Nikafungua mdomo niseme ni mimi, nimezidisha mzigo. Badala yake nikaanza kuchomoa waya.

Ndipo mama yako akaweka maiki chini na kusema kwa sauti yake tu, "Mwacheni huyo msichana. Mashine imemlilia fundi wake."

Wazee wakarudi nyuma. Mama mmoja akaanza kulia, na wengine wakamfuata. Na mimi, Owuor, nikajitia hamnazo. Nikainamisha kichwa kama mtu aliyeona muujiza.

Muujiza wenyewe umesafiri kuliko mimi. Siaya nilipewa kiti chenye mto, karibu na familia, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mashine iliyolia. Nikala chakula cha msiba wako nimekalia mto wa uongo. Kibera, akina mama wa kwaya walikuja kuiona, mmoja akaigusa kwa leso. Vijana wa Kambi Muru ndio peke yao wenye akili, wananiita Mathe Moshi, yaani mama wa moshi. Resiva nimeitengeneza, zile transista kubwa nilizibadilisha mwenyewe na zikakubali. Lakini sikuthubutu kuiwasha mbele ya watu. Ikisema tena, muujiza umekufa, na wataniuliza. Nikawa naonyesha filamu kwa sauti ya televisheni, wateja wanapiga miluzi, na mashine nzima iko chini ya gunia.

Juma lililopita mama yako alikuja kwa kaka yako, kule mtaa wa Ayany, kwa ajili ya macho yake. Akaomba aletwe kwangu. Ilikuwa asubuhi, ukumbi mtupu. Akakaa benchi la mbele, akaniomba nimwonyeshe mashine, nami nikaitoa. Aliweka kiganja juu yake kama anayempima mtoto homa. Hapo nikashindwa. Nilimwambia yote, ohm na punda na waya, mengine hakuyaelewa. Nikamwambia haikukulilia. Niliichoma mimi, nikakunyima uagwe, nikamnyima asikie.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa kile Kiswahili chake cha kuuzia samaki Kisumu, "Mimi nilijua."

Nikamuuliza alijuaje.

"Owuor alikuwa ananiambia ana rafiki yake hajui kukataa watu. Mimi naona waya zote hizo, nasema, ndiye huyu." Akapangusa vumbi la gunia kwenye vidole vyake. "Wale wazee walikuwa wanakutafutia jina baya. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja wa kuzika. Sikutaka wawili."

Owuor, sijawahi kuona aibu kama hiyo. Ile ya moshi ilikuwa mchezo. Mwanamke amesimama mbele ya jeneza la mwanawe, jina la mtoto limekatwa mdomoni mwake, na bado anatafuta pa kunificha. Mimi nikakaa hapo alipokuwa amenificha, wiki baada ya wiki, nakalia viti vyenye mito.

Aliniambia sasa niwashe. Niliunganisha zako tu, zile tano, basi. Nikaweka kanda ya kwaya ya kwao aliyokuja nayo kwenye mkoba. Alifumba macho. Baada ya muda akageuka kuangalia nyuma, akaniuliza hao watu wameingilia wapi. Nikamwambia ni wewe uliyewaingiza. Aliomba nirudishe kanda mwanzo, na tukasikiliza tena.

Jumapili mafundi wanakutana kibandani pako kugawana vifaa ulivyoacha. Kaka yako atakuja na wale wazee. Nitasimama mbele yao wote, na sitangoja nipewe maiki. Nitasema mashine haikulia, niliichoma mimi kwa kushindwa kusema hapana, na mama yako aliwadanganya ili anifunike. Wakitaka kuniita jina lolote, waniite nikiwepo.

Ulale salama, rafiki yangu. Nimekuahidi, na hili silirudishi nyuma: mama yako hatabeba tena kilicho changu.

Mwende