Klachi ya Kumleta Yeyo Nyumbani

Moshono, Arusha
3 Mei 1993

Mwanangu Silantoi,

Bwana asifiwe. Sisi tuko salama, ng'ombe wazima, mvua inanyesha mpaka tumeichoka. Sijui wewe na joto la huko Dar. Najua miaka mitatu imepita sijakuandikia. Tuyaache hayo kwanza.

Mama yako aliteleza mferejini mwezi wa tatu, akavunjika paja. Yuko hospitali Moshi, mguu wote umefungwa hogo la plasta, haukunjiki. Kwenye basi hawezi kukaa. Lazima alazwe kwenye godoro nyuma ya pikapu. Daktari amesema anatoka Ijumaa tarehe 28, na kitanda chake kimeshapata mtu. Nisipotokea, atalala korido.

Pikapu nayo klachi imekwisha. Inanguruma tu, haisogei. Iko uani, tope tupu mpaka barabarani, hakuna wa kuivuta. Mafundi wa mjini mara ya mwisho walinirudishia gari na betri ya mtu mwingine, siwataki tena. Nitaifungua mwenyewe. Seremala wa miaka thelathini hashindwi na bolti.

Nasikia hapo gereji ulipo wapo mafundi wanaume wa kweli. Mwulize mmoja hatua zote, uniandikie.

Baba yako,
Efraimu

---

Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam
6 Mei 1993

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Lakini mama, Yeyo wangu, avunjike mwezi wa tatu, nami niambiwe mwezi wa tano! Jamani, Baba! Nimelia kwanza, ndipo nikashika kalamu.

Pleti mpya ya klachi anayo kondakta wa basi lililoleta barua hii, mfuate stendi. Fundi nimemwuliza. Ni mkali kidogo, kwa hiyo fuata anavyosema. Ondoa waya wa betri. Weka magogo chini ya chesisi, jeki usiiamini. Fungua propela, ile shafti ndefu inayokwenda nyuma, fungua starta, kisha bolti zinazoshika giaboksi kwenye injini. Bolti za kila mahali zitie kopo lake. Giaboksi ni nzito, usijifanye kijana, mwite jirani yako Aminieli.

Pleti mpya, upande uliotokeza katikati utazame giaboksi. Ni lazima ikae katikati kabisa, la sivyo giaboksi haitaingia. Sisi tuna chuma chake cha kuiweka katikati. Wewe chonga kijiti kinachojaa tundu lake bila kucheza, kishike pleti huku unakaza bolti. Wakati wa kupandisha, giaboksi ikigoma kidogo mwishoni, usiivute kwa bolti, itapasuka. Itikise taratibu mpaka iingie yenyewe. Na pleti iwe safi.

Ukichoka, kaa unywe uji kwanza.

Mwanao,
Silantoi

---

Moshono
14 Mei 1993

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Hujambo huko? Mwambie fundi wako kazi imekwisha! Kijiti nimechonga cha mti mgumu wa mloliondo, kimeingia tundu lile mpaka nimejisifu peke yangu. Giaboksi ilipanda nusu ikagoma, Aminieli ameibeba kifuani amelala kwenye tope, ananiuliza kama nimemletea mauti. Nikakumbuka: usivute kwa bolti. Tukatikisa, tukatikisa, ikaingia kwa mlio mmoja mzuri sana.

Na kabla ya kufunga pleti niliibariki kama tunavyobariki kila kitu kipya. Betri inachajiwa. Imebaki kuwasha tu.

Baba yako,
Efraimu

---

Gerezani
20 Mei 1993

Baba, shikamoo. Yeyo anaendeleaje? Gari imewaka? Mbona kimya?

Mwanao,
Silantoi

---

Moshono
24 Mei 1993

Mwanangu,

Mimi si mzima sana moyoni. Siku kumi nimeshindwa kukuandikia kwa aibu.

Gari iliwaka, ikatoka hatua chache, ikaanza kunguruma bila kwenda. Moshi ukafuka chini, na harufu ya kondoo choma ikajaa uani mpaka mbwa wa Aminieli wakaja. Nilipaka pleti mafuta ya kondoo. Pande zote mbili. Wewe mwenyewe unajua, mtoto akizaliwa tunampaka, na mlango mpya nikiutundika naupaka pia ili usipige kelele. Uliandika iwe safi. Mafuta ya kondoo kwetu ni safi.

Zimebaki siku nne. Kila nikienda kumwona, mama yako ananiuliza kama gari ni zima, nami namjibu ni zima. Nimemdanganya mgonjwa kitandani. Mwulize fundi nifanye nini.

Baba yako,
Efraimu

---

Gerezani
26 Mei 1993

Baba, shikamoo.

Pole. Fundi amecheka mpaka amekaa chini, halafu amemkumbuka Yeyo akaacha kucheka.

Pleti nyingine hiyo hapo, imekuja na basi la asubuhi. Ile iliyolowa mafuta tupa, haifai tena. Klachi hushika kwa sababu ni kavu. Mikono ioshe kwa sabuni kabla ya kuigusa pleti hii. Vyuma viwili inavyokaa katikati yake vioshe kwa petroli, vifute kwa kitambaa kikavu. Kama ni lazima kubariki, paka usukani. Safari hii mikono inajua njia, utamaliza siku moja.

Nilitaka nipande basi hilo mwenyewe. Lakini uliniambia nisikanyage uani kwako na mikono ya grisi, na sijasikia umelifuta neno hilo.

Mwanao,
Silantoi

---

Moshono
30 Mei 1993, Pentekoste

Mwanangu,

Bwana asifiwe sana! Yeyo yuko nyumbani. Yuko jikoni, mguu juu ya kiti, anagombana na Aminieli kuhusu maziwa.

Alhamisi tulianza alfajiri, tukamaliza jioni. Nilinawa mikono mara tatu. Nilipoachia klachi, gari ikaondoka taratibu kabisa, nikalia mbele ya Aminieli bila haya. Usukani niliupaka, ukanitelezesha mpaka Usa River.

Tukirudi na mama yako, akagonga kioo cha nyuma. Nikasimama haraka, nikidhani ameumia. Kumbe anauliza: "Mbona leo haikurupuki ukibadilisha gia? Nani ameitengeneza?" Nikamwambia, "Binti yako." Kisha akasema, "Na wewe umemwambia hivyo yeye mwenyewe?"

Sasa nakuambia. Fundi ni wewe, Silantoi. Nilijua tangu barua yako ya kwanza, maana hakuna mwanamume wa gereji atakayemwambia mwenzake anywe uji. Niliendelea kusema "fundi wako" kwa sababu kiburi kilikuwa kimenikaba. Lile neno la uani nimelifuta. Nilikosea, mwanangu.

Nimekutengenezea sanduku la spana la mloliondo. Kile kijiti kimo ndani. Njoo uinamishe kichwa nikuwekee mkono, nikusalimu, na mikono yako njoo nayo hivyo hivyo ilivyo.

Baba wa fundi,
Efraimu